Pumzi Thelathini: Kumtunza Mbwa Mzee Mwenye Ugonjwa wa Moyo Mpaka Siku ya Mwisho

Kosa la kwanza lilifanyika miaka mitatu kabla ya usiku ule mbaya, tena watu wakiwa wanacheka. Bobi alikuwa na miaka tisa, mbwa mdogo wa kilo 9, mchanganyiko wa spitz na wa kienyeji, kapelekwa kuchanjwa kichaa cha mbwa. Daktari akamwekea stetoskopu kifuani, akasikiliza kuliko kawaida yake, akasema moyo unavuma kidogo, daraja la pili kati ya sita. Wote wakaona ni uzee tu. Hakuna aliyeuliza: unavuma kwa sababu gani, na turudi lini kuusikiliza tena?

Kwa mbwa wadogo, jibu la swali hilo karibu kila mara ni moja. Vali ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo, hunenepa na kujikunja pembeni kadiri miaka inavyokwenda. Ni kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua za masika: unausukuma lakini haufungi. Moyo unapobana, sehemu ya damu hurudi nyuma badala ya kwenda mbele, na mvumo anaousikia daktari ndiyo sauti ya damu hiyo inayorudi. Karibu robo tatu ya magonjwa yote ya moyo ya mbwa ni hili. Mbwa wakubwa kama Doberman, Great Dane na Boxer wana shida nyingine, misuli ya moyo kulegea na kutanuka, na wao huweza kuanguka ghafla bila mvumo wowote kusikika. Mwenye Doberman asome haya kwa tahadhari, mengi hayamhusu.

Mvumo peke yake si hukumu. Mbwa huweza kuishi nao miaka mingi na kufa kwa jambo jingine kabisa. Kinachotakiwa ni kujua moyo umeanza kutanuka au bado. Daraja likifika la tatu au zaidi, mpige picha ya eksirei ya kifua akiwa amelala ubavu. Daktari hupima urefu na upana wa moyo, kisha huvilinganisha na pingili za uti wa mgongo kuanzia pingili ya nne ya kifua na kuhesabu ni pingili ngapi. Kwa mbwa wengi kipimo hakizidi 10.5. Bobi alipigwa picha akiwa na miaka 11, mvumo umeshafika daraja la nne, na moyo wake ukatoka pingili 11.4. Ultrasaundi ya moyo hueleza vizuri zaidi, kwa hiyo kama ipo na fedha ipo, ifanyike. Kwa Tanzania hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na kwa Kenya kliniki ya chuo kikuu pale Kabete, ni mahali pa kupiga simu na kuuliza kama kipimo kinapatikana wiki hiyo. Piga simu kwanza, usifunge safari ya gari na mbwa mzee kwa kubahatisha.

Hapo likaja kosa la pili, lililokuwa ghali zaidi. Dawa inayoitwa pimobendani, ya kuusaidia moyo kusukuma damu, wengi wanaijua kwa jina la Vetmedin, ilipendekezwa siku hiyohiyo. Nyumbani ikaonekana kwamba mbwa anakimbia, anakula, anabweka, dawa ya bei hiyo ya nini? Ikaahirishwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kwa mbwa 360 wa aina hii hasa, wenye moyo uliotanuka lakini wasio na dalili, ulionyesha kwamba pimobendani ilisogeza mbele siku ya mapafu kujaa maji kwa wastani wa miezi 15 hivi. Kwa mbwa wa miaka 11, miezi 15 ni mingi mno kuipoteza. Kama picha imeonyesha moyo umetanuka, anza dawa hata kama mbwa anaruka ukuta. Kama moyo haujatanuka, haimsaidii kitu, hifadhi fedha yako.

Kikohozi kilianza mwaka uliofuata. Kikavu, cha usiku na cha alfajiri, kinaishia kama mtu anayetaka kutoa mwiba kooni. Akapewa dawa ya kikohozi ya watoto, kikapungua siku tatu, kikarudi. Kisha mtu akasema ni homa ya kupe, na hilo halikuwa wazo baya, maana homa ya kupe hupunguza damu, mbwa akahema na fizi zikapauka, na huku kwetu ndiyo ya kutazamwa kwanza. Tone la damu kwenye darubini linatosha kuanzia. Ukanda wa pwani ulizia pia kipimo cha mnyoo wa moyo unaoenezwa na mbu. Vyote vikawa safi. Kikohozi kilitoka kwenye chumba cha juu cha moyo kilichotanuka hadi kubana mkondo wa hewa wa pafu la kushoto. Dawa ya kikohozi ilinyamazisha kengele tu.

Usiku wenyewe ulikuwa wa Februari, Dar es Salaam, umeme umekatika tangu saa mbili. Saa nane usiku Bobi alikutwa ameketi katikati ya sebule, viwiko vimetanuliwa mbali na kifua, shingo imenyooshwa mbele, macho yamekodoka. Kila akijaribu kulala anainuka. Tumbo lilikuwa linafanya kazi kuliko kifua. Fizi zilikuwa na rangi ya zambarau iliyochujuka. Pumzi zake zilihesabiwa baadaye kwenye video ya simu: 64 kwa dakika.

Karibu kila kilichofanyika katika nusu saa iliyofuata kilikuwa kibaya. Watu watano walimzunguka. Mmoja alimkumbatia, mwingine alijaribu kumnywesha maji kwa bomba la sindano. Mbwa anayehangaikia pumzi usimwekee chochote mdomoni, kitaingia mapafuni. Usimlaze chali wala usimbane kifua. Fungua madirisha, mtu mmoja abaki naye kwa sauti ya chini, mwingine apige simu kliniki waandae oksijeni, mwingine atafute usafiri. Abebwe ndani ya kreti yenye matundu ili aketi anavyotaka yeye. Bajaji ilikuwa afadhali kuliko gari lisilo na kiyoyozi, kwa sababu ya upepo.

Kwenye kliniki ya kwanza kijana wa zamu alimwona mnyonge akaanza kuandaa dripu. Hili liandikwe kwa wino mwekundu: mbwa ambaye mapafu yamejaa maji kwa sababu ya moyo hapewi dripu. Kumwongezea maji kwenye mshipa ni kumzamisha. Sema mapema, hata ukiwa huna elimu ya udaktari, "ana ugonjwa wa moyo, ana mvumo, picha hii hapa." Weka picha ya eksirei kwenye simu yako. Matibabu ya saa hiyo ni sindano ya furosemidi, dawa ya kukojoa, ile Lasix ya binadamu, kwa kawaida miligramu 2 kwa kila kilo, inayorudiwa kwa kutazama pumzi zinavyoshuka, pamoja na oksijeni na dawa kidogo ya kumtuliza. Eksirei isubiri. Mbwa anaweza kufa juu ya meza ya picha kwa kulazimishwa kulala ubavu. Bobi alikojoa mara ya kwanza dakika 25 baada ya sindano, kidimbwi kikubwa sakafuni, na ilipofika alfajiri pumzi zilikuwa 38.

Alirudi nyumbani na aina nne za vidonge. Dozi zifuatazo ni zake yeye, mbwa wa kilo 9, alizoandikiwa na daktari wake. Zinatajwa ili uone hesabu inavyokwenda, usizinakili. Pimobendani miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, saa moja kabla ya chakula, kwani tumbo likiwa na chakula dawa huingia mwilini vibaya. Furosemidi nusu ya kidonge cha miligramu 40, mara mbili. Benazeprili, ya kulegeza mishipa ya damu, miligramu 5 mara moja. Spironolaktoni, dawa nyingine ya kukojoa, robo tatu ya kidonge cha miligramu 25. Furosemidi na spironolaktoni ni vidonge vya binadamu, vinapatikana duka la dawa lolote kwa bei ndogo ukiwa na karatasi ya daktari wa wanyama. Pimobendani ndiyo iliyokula fedha kuliko chakula chake cha mwezi, na ndiyo inayoadimika: vidonge 60 kwa mwezi, na duka likisema mzigo uko njiani, njia hiyo huwa ndefu. Agiza zikibaki za wiki tatu. Kuikatiza ghafla hata kwa siku chache ni kurudi kwenye usiku ule.

Kukata vidonge kwa kisu cha jikoni huzaa vumbi na nusu zisizolingana. Tumia wembe mpya juu ya kibao, au nunua kikatio. Panga saa ambazo mtu yupo nyumbani kweli, si saa zinazopendeza kwenye karatasi. Furosemidi ya kumeza huanza kufanya kazi ndani ya saa moja na huisha baada ya saa sita hivi, kwa hiyo ya jioni ikitolewa saa tatu usiku, saa nne na saa sita mtu lazima aamke kumfungulia mlango. Ya saa kumi na mbili jioni inampa nafasi ya kumaliza haja kabla nyumba haijalala. Atakunywa maji kuliko zamani, na hayo usimnyime hata tone. Kuna watu huficha bakuli ili mbwa asikojoe ndani. Wanaua figo.

Dada wa kazi ni Mwislamu, na mate ya mbwa kwake ni najisi, jambo la kuheshimiwa na si la kubishania. Dawa zikawa zinafichwa ndani ya mnofu wa kuku uliochemshwa, unadondoshwa kwenye bakuli kwa koleo, na bakuli lina brashi yake nje. Hakuwahi kukosa dozi hata moja, wakati wanaume wawili wa nyumba hiyo, wasio na mwiko wowote na mbwa, walisahau mara nne. Yeye ndiye aliyewakumbusha habari ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji kwa ajili ya mbwa mwenye kiu.

Sasa daftari, ambalo lingekuwapo tangu siku ya mvumo wa kwanza lingebadilisha mambo mengi. Kazi yake ni kuhesabu pumzi mbwa akiwa amelala usingizi. Anapohema kwa joto haifai, wala anapoota na miguu inachezacheza. Tazama ubavu: kupanda na kushuka ni pumzi moja. Weka saa ya simu sekunde 30, hesabu, zidisha kwa mbili. Andika tarehe, saa, namba. Mbwa aliyetulia huwa chini ya 30, wengi chini ya 25. Bobi akiwa kwenye dawa alikuwa kati ya 18 na 22, na hiyo ndiyo namba yake, kila mbwa ana yake. Ikipita 30, subiri nusu saa, hakikisha chumba kina hewa, hesabu tena. Ikibaki juu ya 30, mpigie daktari siku hiyohiyo. Ikifika 40, nenda kliniki moja kwa moja.

Kinachofanya hesabu hii iwe na thamani ni kwamba pumzi hupanda kabla jicho halijaona kitu. Maji yakianza kuingia pafuni, pafu huwa gumu kidogo, mbwa hupumua mara nyingi na kwa kina kidogo, huku mchana bado anatikisa mkia. Mwezi wa tano daftari lilisomeka hivi kwa usiku nne mfululizo: 20, 24, 27, 33. Hakukuwa na kikohozi wala uchovu. Daktari aliongeza furosemidi kwa simu, na usiku wa sita ikarudi 22. Hakuna kliniki, hakuna oksijeni. Fedha nyingi katika ugonjwa huu humalizwa na dharura za usiku, si na vidonge, na dharura hizo nyingi huwa zimeshajiandika kwenye usingizi wa siku tatu kabla.

Aliyesoma daftari kwa makini aligundua jambo jingine: namba zilipanda kila Jumatatu. Ilichukua muda kuelewa. Jumapili mlinzi wa getini alikuwa analetewa chakula cha kwao, na Bobi alikuwa rafiki yake wa damu. Ng'onda. Samaki aliyekaushwa kwa chumvi, kichwa na mkia, pamoja na mchuzi uliotiwa kile kiungo cha mchemraba cha dukani. Chumvi huvuta maji mwilini na kufuta kazi ya nusu kidonge cha asubuhi. Mlinzi alieleweshwa, na akapewa kopo la kuku wa kuchemsha awe anampa yeye, kwa sababu kumnyima rafiki zawadi kusingedumu wiki mbili. Chumvi nyingine zilikuwa zimejificha kwenye soseji ya kufichia vidonge, jibini, mkate na supu ya makongoro iliyobaki. Na mbwa akiwa mnyonge usimpe maji ya ORS, ni chumvi hiyohiyo. Madafu nayo waachie wageni: yana potasiamu nyingi, na benazeprili pamoja na spironolaktoni tayari hupandisha potasiamu kwenye damu.

Chakula chake kilikuwa kuku bila ngozi, wali, boga na yai, visivyo na kitunguu wala chumvi, pamoja na mafuta ya samaki kiasi alichopima daktari. Protini usiipunguze kwa kudhani unayasaidia mafigo, labda vipimo viseme hivyo, maana mbwa wa moyo hukonda misuli. Na hapa mizani hudanganya. Kilo zilibaki 9 kwa miezi mitatu huku uti wa mgongo ukichomoza kama msumeno: misuli ilikuwa inaondoka na maji tumboni yanachukua nafasi yake. Pitisha kiganja juu ya mgongo na utosi kila wiki, na kila Jumapili pima tumbo kwa futi ya fundi cherehani mahali palepale, nyuma ya mbavu ya mwisho.

Damu ya figo na potasiamu ilipimwa kabla ya dawa, wiki moja baadaye, na kila dozi ilipobadilishwa. Ruka kipimo cha picha kama lazima, hiki usikiruke. Na dawa za maumivu za binadamu, diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu humpa mbwa mzee kwa magoti, ni sumu kwake hata akiwa mzima. Zikikutana na furosemidi na benazeprili, figo zinaweza kwisha ndani ya siku chache. Maumivu yake mweleze daktari, atachagua.

Mwezi wa saba Bobi alikimbilia geti kupokea gari, akaanguka ubavu katikati ya njia, miguu imekakamaa, akajikojolea. Sekunde ishirini baadaye alikuwa amesimama anatazama watu kama wao ndio wenye matatizo. Katika sekunde hizo ishirini alimwagiwa maji, akanusishwa kitunguu, na mtu alitaka kumwekea kijiko kwenye meno. Huko ni kuzirai, si kifafa. Mwenye kifafa hutafuna, hutoa povu, na huchukua dakika nyingi kurudiwa na akili. Anayezirai huanguka baada ya kusisimka au kukohoa, fizi hupauka, na hurudi upesi. Mlaze ubavu, nyoosha shingo, usiweke kitu mdomoni, rekodi kwa simu. Video ya sekunde kumi ilimsaidia daktari kuliko maelezo ya watu wanne. Sababu huweza kuwa mapigo yaliyovurugika, shinikizo kubwa kwenye mishipa ya mapafu, au dawa ya kukojoa iliyozidi na kushusha presha. Kila moja ina tiba yake, nyingine kinyume cha nyenzake, kwa hiyo usiongeze wala kupunguza kwa kukisia. Kuhusu geti, dawa ilikuwa rahisi: gari lilianza kuegeshwa nje bila honi.

Joto lilimsumbua kuliko hatua. Matembezi yalihamia saa kumi na mbili asubuhi, dakika kumi, yeye ndiye anaamua pa kugeukia. Kola ya shingoni ikabadilishwa kwa mkanda wa kifuani, kwa sababu kuvutwa koo huamsha kikohozi. Taulo mbichi kwenye vigae, feni ndogo ya betri kwa ajili ya umeme kukatika. Kumwogesha kukawa kwa kitambaa tu, maana kuogeshwa kwa ndoo kulimhangaisha hadi pumzi 50.

Kufikia mwezi wa tisa furosemidi ilikuwa miligramu 30 mara tatu: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Hiyo ni miligramu 10 kwa kilo kwa siku. Ikivuka 8 na maji bado yanarudi, madaktari huuita ugonjwa hatua D, ya mwisho katika mpangilio wa A, B, C na D. Alihamishiwa torasemidi, ndugu yake furosemidi mwenye nguvu zaidi, ambaye dozi yake huanzia karibu sehemu moja ya ishirini. Mara mbili maji yalitolewa tumboni kwa sindano, pale tu yalipomzuia kupumua, kwa sababu kila lita inayotoka inaondoka na protini.

Uliza mapema una muda gani, na usiogope jibu. Utafiti wa mwaka 2008 ulikuta kwamba mbwa wa vali walioanza pimobendani baada ya mapafu kujaa maji, nusu yao walivuka siku 267, na waliopewa benazeprili badala yake, siku 140. Bobi alipata miezi kumi na moja kasoro siku chache. Mingi ilikuwa mizuri.

Uamuzi wa mwisho hauwezi kufanywa vizuri usiku wa manane na mbwa anayezama. Weka vigezo mwezi ambao bado ana nafuu, viandike, mvitie sahihi wenye nyumba wote. Daktari wa Marekani, Alice Villalobos, alitunga mwaka 2004 kipimo cha mambo saba: maumivu (na kupumua kumo humo), kula, kunywa, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri zinazidi mbaya. Kila moja hupewa alama 0 hadi 10, na jumla ikizidi 35 inachukuliwa kwamba bado maisha yana maana kwake. Ni kizuri kwa kuanzisha mazungumzo. Kwa Bobi kulikuwa na kingine cha kienyeji zaidi, mambo matatu aliyoyapenda: kuku, mlinzi, na kulala chali barazani jua la asubuhi. Viwili vikiondoka, daktari anaitwa. Kulala chali kuliondoka kwanza. Kisha asubuhi moja mlinzi alimwita kwa mluzi na yeye akageuza masikio tu, kichwa hakikuinuka.

Daktari hakuitwa siku hiyo. Zilipita siku mbili zaidi, kwa sababu mtoto wa nyumba alikuwa anarudi kutoka bweni na kila mtu alitaka aagane naye. Usiku wa pili Bobi hakulala kabisa, alisinzia ameketi, akaanguka mbele, akaamka. Hili ndilo jambo pekee katika miezi yote ambalo waliokuwepo wakilitaja hushusha sauti. Mtoto angeweza kuagana kwa simu ya video.

Mpangilio wa siku yenyewe: omba daktari aje nyumbani, asubuhi, kabla ya joto. Lipa kabla, ili mtu asihesabu noti huku analia. Uliza kwa maneno ya wazi ana dawa gani. Jibu zuri ni sindano ya kumlaza kabisa kwanza, kisha pentobabitali, dawa inayosimamisha moyo, kwenye mshipa. Asikubaliwe mtu wa kuleta sumu ya mbwa wazururaji, hata akisema ni ya haraka. Sindano ya usingizi kwa mbwa ambaye moyo umechoka huchukua muda zaidi kushika, dakika kumi na tano au ishirini, kwani damu inatembea polepole. Baada ya hapo mguu wa mbele ulinyolewa kidogo, mshipa ukafunguliwa, na moyo ukasimama ndani ya dakika mbili. Waambie waliopo mapema: macho hayafumbi, mkojo hutoka, na kunaweza kuja pumzi moja au mbili za kushtua wakati ameshakwenda. Daktari husikiliza kifua dakika nzima kabla ya kusema.

Shimo lilichimbwa jana yake, zaidi ya mita moja, mbali na kisima, kwa kisingizio cha kupanda mwembe, na hakuna aliyedanganyika. Kina hicho kina sababu: pentobabitali hubaki kwenye mzoga, na mnyama yeyote atakayeufukua na kula, mbwa, paka au kunguru, anaweza kufa. Kwa hiyo usimtupe jalalani wala kumkabidhi mtu wa taka. Mawe yaliwekwa juu ya udongo. Mbwa mwingine wa nyumba aliachwa anuse kabla ya kufukia, alinusa masikio, akaenda zake, kisha siku tatu hakumaliza chakula.

Vilibaki vidonge 22 vya pimobendani kwenye karatasi yake isiyofunguliwa, na daktari alivichukua kwa ajili ya mbwa mwingine ambaye mwenye naye alikuwa anahangaika kuvipata. Nusu za furosemidi zilizokwisha kukatwa zilitupwa.